Ukimya wa Safu ya Tatu

Siku moja kabla ya Shamm al-Nasim, mtaa mzima wa Sayyida Zainab hunuka samaki. Hunuka hivyo kila mwaka wala hakuna anayelalamika, kwa kuwa sikukuu ya kuukaribisha upepo mpya haiwi sikukuu bila fesikh, samaki aliyechachishwa ndani ya chumvi mpaka nyama yake ikawa laini kama siagi na harufu yake ikaweza kumzindua aliyezimia. Mbele ya duka la Zinhum foleni ilikuwa imejikunja hadi kwa muuza vitunguu wa pembeni, na katikati yake, akiwa amejitanda shuka jeusi kichwani mpaka miguuni na kuufunika uso kwa shela, alisimama mwanamke ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa mkabala, kubwa kuliko dirisha, ikitabasamu na kushika kipande cha sabuni.

Inshirah aliitazama picha ile na moyo ukamchafuka.

Jina lililoandikwa chini yake, Bahiga Nur, hakupewa na mama yake. Alipewa na Munir Bey, mwenye kampuni ya filamu, siku ile aliyotia saini mkataba, huku bwana huyo akila keki ya basbusa na kujifuta shira ya vidole kwenye kitambaa cha meza. "Inshirah ni jina la mfua nguo," alisema, kisha akaubusu mkono wake kwa midomo iliyolowa. Tangu siku hiyo Misri ilimpenda Bahiga Nur. Filamu zake zilijaza kumbi, nyimbo zake ziliimbwa na makondakta wa tramu na wake za mahakimu, na kila mlango aliopitia ulimwagiwa marashi ya yasmini kabla hajafika, hata ikawa akiinusa yasmini popote anameza mate asitapike. Alichefuliwa na poda iliyoingia kwenye meno yake. Alichefuliwa na Sherif Lamei, mpenzi wake wa kwenye filamu, ambaye hutafuna karafuu ili kuficha pumzi yake na humkumbatia huku jicho moja likiitafuta kamera. Zaidi ya yote alichefuliwa na vilio vya "Allah! Rudia, ya Sitt!", yaani ewe Bibi, vilivyomfuata kila alipofumbua kinywa ukumbini, aimbe vizuri aimbe vibaya, kwani alikwisha kujua kuwa kampuni hukodi watu wa kuvilia.

Kula fesikh alikatazwa. "Mwimbaji wa mapenzi hanuki samaki," alisema Munir Bey. Ndiyo maana alikuwa pale.

"Taratibu, bibie," sauti ya mwanamume ilisema mbele yake. "Samaki hawa walishakufa. Hata ukisukuma hawatakimbia."

"Nasukumwa na wa nyuma yangu."

"Basi waambie wa nyuma yako wasukumane na wa nyuma yao, mpaka tufike Aleksandria."

Mtu huyo akageuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kanzu ya buluu iliyopigwa pasi vizuri na skafu ya sufu shingoni, na nywele na nyusi zake zilijaa nyuzi nyeupe, kana kwamba mpambaji wa filamu alianza kumgeuza mzee kisha akaacha katikati.

"Una pamba kwenye nyusi," Inshirah alimwambia.

"Na kwenye mapafu. Mimi mshona magodoro, fundi Mitwalli, wa mtaa wa Bab al-Shaariya. Ukiolewa, niite."

"Na nisipoolewa?"

"Utalala kwenye mkeka, na mimi nitalala njaa. Sote tutakuwa tumeumia."

Juu ya rafu, kati ya madebe ya samaki, redio ya Zinhum ilikohoa ikaanza wimbo. Foleni nzima ikashusha pumzi. Ulikuwa "Dirisha Lako" wa Bahiga Nur. Zinhum alibaki ameshika kisu hewani, na mama muuza vitunguu akafumba macho na kusema "Allah!" kama mtu aliyeonjeshwa asali. Mitwalli aliinamisha kichwa upande, akasikiliza ubeti wa kwanza, akasikiliza wa pili, na ulipoingia wa tatu akafyonza.

"Nini?" aliuliza Inshirah.

"Hapo anadanganya."

"Nani anadanganya?"

"Bahiga Nur. Ubeti wa kwanza anaimba. Wa pili anaimba. Huu wa tatu anauza sabuni."

Alipaswa kukasirika, lakini alihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha kwenye chumba cha mgonjwa. Ubeti wa tatu uliongezwa kwa amri ya Munir Bey, na kila alipouimba alisikia ladha ya poda ulimini.

"Mbona wengine wote wanamsifu?" alisema, akijitahidi kuituliza sauti yake.

"Watu husifu wakisikia wenzao wanasifu. Na wenzao nao..." Mitwalli akajipangusa nyusi. "Basi tu. Mambo ya mjini hayo."

"Nikwambie kitu, fundi? Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningempenda mtu mmoja tu ukumbini. Yule ambaye nikidanganya ananyamaza."

"Kunyamaza ni kazi ngumu, bibie. Ukinyamaza katikati ya kelele unaonekana."

"Hata hivyo. Ukijaliwa kuwa ukumbini kwake, akidanganya, unyamaze. Niahidi."

"Nikuahidi wewe, au yeye?"

"Mimi."

"Haya. Naapa mbele ya samaki hawa wote, na mashahidi wenyewe wananuka kweli kweli."

Walipofika mezani na kupewa vifurushi vyao Inshirah alikuwa bado akicheka, na kwa kucheka shela ikateleza. Mitwalli akamwona. Macho yake yakapanda ukutani kwenye picha, yakashuka, yakapanda tena. Inshirah aliganda akiusubiri ukelele, mikono ya watu, mikasi ya wale wanaokata vipande vya nguo vya ukumbusho. Badala yake kijana aliinama, akachungulia kifurushi ambacho Zinhum alikuwa amekwisha kumfungia.

"Kakupunja," alisema polepole. "Huyu wako ana tumbo jembamba. Chukua wangu. Na funika uso, muuza vitunguu ana mdomo."

*

Simu ya kwanza ya Mitwalli iliita asubuhi moja Inshirah akiwa amekalishwa mbele ya kioo, nywele zimefungwa kwenye vyuma.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mshona magodoro. Nimesikia kuna mtu huko halali vizuri."

"Nani kakupa namba hii?"

"Anayo kila mwandishi wa magazeti mjini. Hujambo, kitunguu changu?"

"Kitunguu?"

"Samaki wangu haliwi bila wewe, na ukikaribia nalia. Unataka nikuite nini? Mwezi? Wote wanakuita mwezi."

Inshirah aliuziba mdomo asicheke. "Unapigia wapi? Mbona kelele hivyo?"

"Duka la dawa. Mwenye duka anakusalimu."

"Simsalimu mtu!" sauti nyingine ilifoka kwa mbali. "Mitwalli, weka simu chini! Kuna mama hapa anasubiri dawa ya masikio!"

"Mwambie mama ndiye mwenye bahati," alisema Mitwalli, "hasikii unavyofoka."

Kuanzia hapo walikutana katika bustani ya kando ya Nile wakati wa alasiri, saa ambazo watu wa filamu bado wamelala. Inshirah alimjia amevaa gauni la kijani lisilo na nakshi, uso umeoshwa kwa maji matupu, na Mitwalli alimletea turmus, zile mbegu chungu za kuloweka, ndani ya karatasi iliyokunjwa kama pembe. Walizimenya na kurushiana maganda. Mitwalli alimfundisha jinsi upinde wa kupigia pamba unavyolia tofauti pamba ikiwa na unyevu. Inshirah alimwambia kuhusu mama yake aliyeko Zagazig, na nyimbo za kumtoa bi harusi ambazo mama huyo aliziimba akifua, na ambazo yeye hakuwa ameziimba tangu aingie mjini.

"Kwa nini?"

"Munir Bey anasema zinanuka tope."

Alasiri ya mwisho ya namna ile Inshirah alikuja amechelewa, macho mekundu. Hakumenya turmus hata moja.

"Wanataka nichumbiwe na Sherif Lamei," alisema.

"Yule wa karafuu?"

"Uchumba wa uongo, Mitwalli. Wa kuuzia filamu. Alhamisi hii, tamashani, Munir Bey atatangaza mbele ya watu na redio, halafu mimi nitaimba wimbo mpya nikimtazama Sherif. 'Wewe Ndiye.' Ameutunga mwenyewe. Nikiusoma tu natapika."

"Kataa."

"Rahisi kusema. Nikikataa atanifungia milango ya kila studio. Kuna yule mwimbaji Thurayya Hamdi anasubiri tu mlangoni na mikoba yake."

"Basi utasimama mbele ya Misri nzima umwambie mwanamume wa karafuu kuwa ndiye?"

"Ni wimbo tu!"

"Hakuna wimbo tu. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, dukani kwa Zinhum." Akaangusha maganda. "Sikiliza, Inshirah. Kuna jambo kuhusu kazi yangu ambalo sijakwambia."

Inshirah akamziba mdomo kwa kiganja. "Najua kazi yako. Pamba. Usiniambie kitu kingine leo, nimechoka. Katika mji huu wote pamba yako ndiyo kitu pekee cheupe ambacho si poda."

Mitwalli alikitazama kiganja kile, akakibusu, na akanyamaza. Huo ulikuwa ukimya wake wa kwanza, na ulikuwa mbaya.

*

Jioni ya Alhamisi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Inshirah alitoka amevaa gauni la hariri la rangi ya fedha lililombana hadi akawa anapumua kwa vipande, ameshika leso ya bluu, shingoni mkufu wa kuazimwa. Mstari wa mbele alikaa Sherif Lamei na masharubu yake yaliyopakwa rangi. Kipaza sauti cha redio kilisimama mbele ya Inshirah kama kichwa cha mdudu.

Alianza na wimbo wa zamani anaoupenda, na ala ya udi ilipomfungulia njia aliingia kwa upole, akaupandisha, akaushusha palepale alipotaka. Pumzi ilipokata, kutoka gizani ikaja sauti moja nzito yenye mkwaruzo: "Allah! Allah, ya Sitt!"

Sauti ile aliijua. Kwa miaka kadhaa, katika makelele yote yaliyomkera, hiyo moja ilimwangukia mwishoni mwa kipande kama mkono begani, na usiku alipokosa kujiamini alijiambia kuwa yupo mtu mmoja, hajui ni nani, ambaye anasikia. Aliitafuta sasa kwa macho. Safu ya tatu, katikati. Suti ya kuazima yenye mikono mifupi. Nywele zilizopakwa mafuta, na juu ya sikio uzi mmoja mweupe wa pamba.

Moyo ulimruka kwa furaha. Ndiye yeye! Mtu akizungumza na mtu akipaza sauti ni kama watu wawili, ndiyo maana hakumtambua. Akaimba kipande cha pili kwa ajili yake peke yake.

Kisha akaona leso. Mitwalli aliinua leso nyeupe kutoka gotini, akajifuta shingo, na mara ile wanaume waliotapakaa kulia na kushoto, wote waliokuwa wakiitazama leso badala ya kumtazama yeye, wakalipuka pamoja: "Allah! Rudia!" Akaishusha, wakakoma. Akaiinua, wakaanza. Hata kilio chake kizuri kilikuwa cha kwanza tu katika foleni ya vilio vilivyolipiwa, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa foleni hiyo.

Nyongo ilimpanda Inshirah hadi kooni. Mkono begani! Mkono wa kukodi. Alikuwa ameulalia huo kama mpumbavu, na turmus amekula, na kiganja amebusiwa.

Munir Bey alipanda jukwaani akinukia yasmini, akatangaza uchumba kwa sauti ya mtu anayefungua duka. Ukumbi ulipiga vigelegele. Wapigaji ala wakaanza "Wewe Ndiye", na Inshirah, ambaye hakuwa tena na kitu cha kulinda, akamgeukia Sherif Lamei na kuuimba. Aliuimba kwa ukamilifu na bila chembe ya ukweli. Ubeti wa kwanza ukaisha, akainua leso yake ya bluu, akangoja.

Kimya.

Katika safu ya tatu Mitwalli alikuwa ameikunja leso, ameitia mfukoni, na kuweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyeko msibani. Watu wake walimtazama, wakatazamana, wakafunga midomo. Waliolipa tiketi walisubiri kusikia kama imefaa, na kwa kuwa hawakusikia, wakasita nao. Mtu mmoja alikohoa. Kutoka Aswan hadi Port Said, kila redio ilikuwa ikipeperusha kikohozi hicho.

"Thurayya Hamdi kamnunua!" Munir Bey alimnong'oneza nyuma ya pazia, jasho likimchuruzika ndani ya kola. "Yule mbwa wa Bab al-Shaariya! Kamlipa anyamaze! Nilisikia zamani kuwa mwanamke yule hununua hata vikohozi."

Inshirah aliamini. Mtu aliyeuza kilio chake, ashindwe nini kuuza ukimya wake?

Simu ilipoita asubuhi, hakuketi.

"Inshirah, kitunguu changu, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Umelipwa kiasi gani?"

"Kulipwa na nani? Wewe mwenyewe ndiye uliye..."

"Mimi mwenyewe ndiye mjinga, naam! Nilikuwa nachukia walevi wa yasmini, kumbe wewe ndiye mbaya zaidi, maana hukunuka. Ulikaa na mimi, ukala na mimi, na kila Alhamisi unauza mdomo!"

"Nilitaka kukwambia. Uliniziba..."

"Nenda kamshonee Thurayya godoro."

Akaitua simu kwa nguvu hadi sanamu ya kaure ikaanguka mezani. Iliita tena siku hiyo, na kesho yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuinua.

*

Kiangazi kikapita, na majira ya baridi. Magazeti yalijaa picha za wachumba: Bahiga Nur na Sherif Lamei wakila aiskrimu, wakipanda farasi, wakitazama tamaa ya kila mmoja ndani ya macho ya mwenzake, ingawa kwa kweli Sherif alikuwa akijitazama ndani ya macho yake. Alipomshika kiuno mbele ya wapiga picha, vidole vyake vilikuwa baridi na vyenye unyevu kama vitu vilivyotolewa kwenye ndoo. Inshirah alitabasamu. Nyumbani alijisugua kwa jiwe la kuogea mpaka ngozi ikawa nyekundu, na ile sabuni yenye picha yake aliitupa dirishani.

Munir Bey, kwa kuogopa aibu ya mara ya pili, alikodi washangiliaji wapya, wengi maradufu, na kuwaagiza wasimsubiri kiongozi yeyote. "Pumzi ikikata tu, lieni!"

Ikafika Alhamisi nyingine, kuelekea majira ya kuchipua. Inshirah aliingia jukwaani akiwa na mafua. Katikati ya "Wewe Ndiye" koo lilimwasha. Alijizuia, akajizuia, kisha likamshinda. Akageuza uso kando ya kipaza sauti na kukohoa, kikohozi kikavu, kirefu, kibaya, cha mtu aliyepaliwa.

"Allah!" ukumbi ukapasuka. "Allah, ya Sitt! Rudia! Rudia!"

Wapigaji walishusha fidla. Safu kwa safu watu walisimama wakipunga tarbushi na leso, machozi ya kweli yakiwatoka wengine, wakiomba warudishiwe kikohozi. Mstari wa mbele Sherif Lamei aliweka mkono moyoni.

Inshirah aliwatazama. Alitazama vinywa vilivyo wazi, ndimi, meno ya dhahabu, na karaha aliyokuwa akiimeza tangu siku ya basbusa ikamjaa yote kwa pamoja. Hapo, katikati ya kelele, alikumbuka sauti moja iliyosema kuwa kunyamaza katikati ya kelele ni kazi ngumu, kwa sababu unaonekana.

*Naapa mbele ya samaki hawa wote.*

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwapisha. Yeye mwenyewe ndiye, simuni, aliyemkata kabla hajalimaliza neno hilo. Mtu yule alikuwa na leso mkononi, watu wake kando yake, na mkate wake wote katika kuiinua; naye akaikunja, kwa kuwa mwanamke aliyejifunika shela alimwomba hivyo kwenye foleni ya samaki.

Alikisogelea kipaza sauti. Kelele zikatulia.

"Hicho kilikuwa kikohozi," aliwaambia. "Sitakirudia. Na huyu bwana hapa mbele si mchumba wangu, wala hajawahi kuwa. Anatafuna karafuu. Jina langu ni Inshirah. Mwende salama."

Alivua mkufu wa kuazimwa, akautundika kwenye kipaza sauti, akatoka. Nyuma ya pazia Munir Bey alimshika kiwiko.

"Umejiua," alisema. "Unanisikia? Kesho filamu ni ya Thurayya. Hutapata hata kuimba kwenye harusi ya mlinzi wangu."

"Toa mkono, Munir Bey. Una shira."

*

Dukani kwa Mitwalli, Bab al-Shaariya, Inshirah alikuta mlango umefungwa nusu, na ndani mzee wa jirani akinywa chai juu ya rundo la vitambaa.

"Fundi katoka," alisema mzee bila kumtambua, kwa kuwa alikuja amejitanda lile shuka jeusi. "Kaitwa kwenye pamba ya bi harusi, nyuma ya msikiti. Fuata upinde."

Akaufuata. Ulivuma kutoka kichochoro cha tatu, sauti nene ya uzi uliopigwa, na alipokata kona aliona vipande vya pamba vikielea hewani kama mvua isiyotaka kuanguka. Wanawake walikuwa wamekaa vibarazani wakipiga makofi na vigelegele, bi harusi mnene mwenye hina mikononi amekalishwa kwenye kiti katikati, na Mitwalli kapiga magoti mbele ya mlima mweupe, upinde mkubwa begani, akipiga pamba ya godoro la harusi. Alikuwa amekonda. Alimwona Inshirah, na upinde ukakosa pigo moja.

"Fundi," Inshirah alisema, "una pamba kwenye nyusi."

"Na kwenye mapafu." Hakuinuka. "Umekuja kuniuliza nililipwa kiasi gani?"

"Nimekuja kwa sababu juzi nilikohoa na wakaniomba nirudie."

"Nilisikia kwenye redio ya duka la dawa. Mwenye duka alilia kwa kucheka."

"Hukupata kazi tena ukumbini?"

"Nani atamkodi mshangiliaji aliyenyamaza?"

Wanawake walikuwa wameacha makofi na kutega masikio bila aibu yoyote. Inshirah aliteremka hadi kiwango cha pamba, akakaa chini, shuka likajaa nyuzi.

"Nisamehe, Mitwalli. Nilikuapisha, kisha nikakuhukumu kwa kiapo changu mwenyewe. Lakini nina swali, na usinipambe. Miaka yote ile, ulipolia 'Allah', ni mara ngapi ilikuwa kweli?"

Mitwalli aliuchezea uzi wa upinde.

"Sijui," alisema hatimaye. "Hilo ndilo linalonichefua. Mwanzoni nilijua. Kulikuwa na mahali nililia kabla ya wakati wangu, nikagombezwa. Lakini mdomo huzoea, Inshirah. Ukilia kila Alhamisi, hufika siku kilio kinatoka hata wewe mwenyewe hupo. Ningekudanganya sasa ungefurahi. Sijui ni mara ngapi."

Alikuwa amekuja akitaka jibu jingine. Hilo lilimuuma; kisha, taratibu, likamtuliza, kama maji baridi tumboni mwa mtu aliyetapika vyote.

"Jamani," bi harusi alisema kwenye kiti chake, "hii ni pamba yangu au ni kesi? Bibi wee, kama umekuja, tuimbie."

"Mimi?"

"Kwani u bubu? Kila anayekaa kwenye pamba ya bi harusi huimba."

Inshirah alifungua kinywa, na kilichokuja hakikuwa cha filamu yoyote. Ulikuwa wimbo wa mama yake, wa kumtoa binti nyumbani, uliofuliwa pamoja na mashuka kule Zagazig, wenye tope lake lote. Aliuanza chini, sauti ikiwa bado na mikwaruzo ya mafua. Hakuipamba. Alipofika pale mama anapomwambia binti asigeuke nyuma, sauti ilimpasuka kidogo, naye akaiacha ipasuke.

Na kutoka ng'ambo ya pamba kikatoka kitu. Hakikuwa "Allah". Kilikuwa mkoromo mfupi, mbaya, wa mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, ukafuatiwa na kwikwi mbili zisizo na mpangilio. Wanawake waliangua kicheko.

"Fundi! Umemeza pamba?"

Mitwalli alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, uso umemwiva kwa aibu, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Juu ya vidole macho yake yalikuwa yamelowa.

"Sikutaka..." alianza.

"Najua hukutaka," Inshirah alisema. "Miaka yote nimesubiri sauti hiyo. Mbaya kweli."

"Mbaya sana?"

"Ya kutisha. Njoo Ijumaa Zagazig kwa mama yangu, uniombe. Ulete fesikh."

"Kwa posa? Nitanuka, watanifukuza mlangoni."

"Wewe nuka tu. Mama atakujua kwa harufu kuwa ndiye."

"Sina ukumbi wa kukupa, kitunguu changu. Nina upinde tu."

"Na mimi sina tena studio. Nitaimba kwenye pamba za watu. Utanisikia?"

"Nitasikia."

"Na nikidanganya?"

Mitwalli aliishusha mikono yake kutoka mdomoni, akaiweka juu ya magoti, akanyamaza.

Bi harusi alichoka kusubiri. Akavua kandambili yake na kuirusha katikati ya pamba. "Haya mmeshapatana! Sasa nipigieni godoro langu, ninaolewa kabla yenu!"